Unataka kudizaini bodi zako za sakiti kwa hobi? Hivi ndo unavyochagua programu, hatua kwa hatua

Wadau, mtu akishachoka kuunganisha waya kwenye bredibodi, kile kibao cha matundu cha kujaribia sakiti, na akaanza kutamani bodi yake mwenyewe, swali la kwanza huwa ni moja tu, nianze na programu gani? Na majibu anayopata ni kila mtu kutaja ile aliyoizoea, mmoja atasema KiCad, mwingine EasyEDA, mwingine atakwambia Proteus kwa sababu ndo aliyofundishiwa chuoni, na wote wanaweza wakawa sahihi kwa kazi zao wao ila wewe bado hujasaidika. Mimi nina msimamo kwenye hili jambo na nausema mapema kabisa ili ujue naelekea wapi: kwa mtu wa hobi kitu cha kwanza kuangalia ni mafaili yako, yaani ile kazi utakayoifanya leo usiku, je, miaka mingi ijayo utaweza kuifungua bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote? Uzuri wa menyu na wingi wa vitufe vinakuja baadaye sana.

Kwa nini naanza na hilo, angalia EAGLE. Ilitoka 1988 kwa kampuni ya Ujerumani inaitwa CadSoft, ikapendwa na watu wa hobi karibu dunia nzima, miradi mingi ya wazi, hadi bodi za Arduino zenyewe, ilichorwa humo. Mwaka 2016 kampuni ya Autodesk wakainunua, 2017 ikageuzwa kuwa ya kulipia kila mwezi au kila mwaka badala ya kununua mara moja, na 2023 wakatangaza kwamba inafungwa, tarehe ya mwisho waliyoweka ni 7 Juni 2026, kazi zihamie kwenye Fusion, programu yao ya kuchora vitu vya 3D. Sasa watu waliokuwa na miaka kumi na tano ya kazi zao humo ndani kilichowaokoa ni kitu kimoja, kwamba kuanzia toleo la 6 mwaka 2012 mafaili ya EAGLE yaliandikwa kwa XML, maandishi ya kawaida ambayo programu nyingine inaweza kuyasoma, kwa hiyo leo KiCad inayafungua. Yangekuwa mafaili ya siri yanayofunguka na programu moja tu, hapo sasa ingekuwa msiba. Shika hilo tunapoenda.

Hatua ya 1: Orodhesha bodi kwanza, programu baadaye

Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu uandike vitu vitatu vinne unavyotaka kweli kuvitengeneza ndani ya mwaka mmoja hivi. Labda taa inayojiwasha giza likiingia, labda bodi ya kuwekea ESP32, ile chipu ya WiFi, na sensa zake, labda kibodi ya kompyuta, labda pre-amplifaya. Pembeni ya kila kimoja andika ukubwa wake kwa sentimita hata wa kukadiria, andika kama leya moja, yaani tabaka moja, ya shaba inatosha au unataka mbili, andika kama utatumia vifaa vya miguu mirefu inayopita kwenye matundu au vile vidogo vya kubandika juu, na andika kama utaitengeneza mwenyewe nyumbani kwa tona na dawa (unachapa mchoro kwa printa ya tona, unauhamishia kwenye shaba kwa pasi, alafu dawa inakula shaba isiyotakiwa) au utaiagiza kiwandani.

Alafu chini ya hiyo orodha jibu haya: kompyuta yako ni Windows, Mac au Linux? Intaneti unayo muda wote au ya kubahatisha? Na kuna uwezekano wowote kwamba hiyo bodi siku moja utaiuza, hata kumi tu kwa marafiki? Hili la mwisho watu wanalirukaga na ndo lenye meno, kwa sababu leseni nyingi za bure zinaruhusu matumizi binafsi tu, siku ukianza kuuza tayari uko nje ya leseni hata kama bodi ni ileile na programu ni ileile.

Hatua ya 2: Jua kwanza programu inakufanyia kazi gani

Hii ntaipita haraka. Karibu programu zote za hii kazi, ya bure au ya kulipia, zina mtiririko mmoja. Unachora skimatiki, yaani mchoro wa alama unaoonyesha nini kimeunganishwa na nini. Kila alama unaipa futiprinti, yaani umbo halisi la pedi na matundu ambapo kifaa kitakaa. Unahamia upande wa bodi, unapanga vifaa, unachora njia za shaba kati yao. Programu inakagua mara mbili, ukaguzi wa umeme kwenye skimatiki unaoitwa ERC, na ukaguzi wa vipimo kwenye bodi unaoitwa DRC, mfano njia mbili zimekaribiana kuliko kiwanda kinavyoweza. Mwisho inakutolea mafaili ya Gerber na faili la matundu, hayo ndo kiwanda kinayataka, hakihitaji kujua ulichora kwa programu gani.

Ukielewa hilo la mwisho unapata uhuru mkubwa. Gerber ni lugha ya viwanda vyote. Kwa hiyo programu yoyote isiyokupa Gerber, inayokulazimisha kuagiza bodi kwa kampuni ileile iliyoitengeneza programu, iweke pembeni hata kama ni rahisi kiasi gani kutumia. Zipo za namna hiyo na zinavutia sana wanaoanza kwa sababu kila kitu ni kitufe kimoja tu, ila ukitaka kuhamia kwa mtengenezaji mwingine unakuta huna cha kumpelekea.

Hatua ya 3: Chuja kwa mipaka ya toleo la bure

Sasa rudi kwenye ile orodha yako. Matoleo ya bure ya programu za kibiashara huwa yana kuta, na ukuta hauuoni mpaka uugonge katikati ya kazi. Tuchukue mifano miwili. EAGLE ya bure ilikupa eneo la bodi la sentimita za mraba 80, leya mbili, na kurasa mbili za skimatiki, na Fusion kwa matumizi binafsi imebaki na kipimo hichohicho. DipTrace, programu nyingine ya kibiashara, toleo lake la bure linahesabu pini, yaani miguu ya vifaa vyote, zisizidi 300, na leya mbili za njia.

Sentimita za mraba 80 ni kama bodi ya 10 kwa 8, ukiisikia unaona inatosha kabisa, na kwa taa au sensa inatosha kweli. Ila tuseme kwenye orodha yako uliandika kibodi, ile ndogo ya vitufe 61. Vitufe vya kibodi vinapangwa kwa umbali wa milimita 19.05 katikati hadi katikati, upana ni nafasi 15 na mistari ni 5, piga hesabu unapata kama milimita 285 kwa 95, yaani zaidi ya sentimita za mraba 270. Tayari hiyo ya eneo imekufa, mara tatu zaidi ya mpaka. Haya, hamia kwenye ya kuhesabu pini: swichi 61 zina pini mbili mbili, kila swichi ina dayodi yake yenye pini mbili, hapo una pini 244, weka na chipu ya pini 44 umefika 288, na bado hujaweka soketi ya USB, kristali, kapasita na rezista. Umeshavuka. Kumbe kitu kimoja tu cha hobi, wala sio cha ajabu, kimeshakata programu mbili kwenye orodha yako, na umelijua hilo kabla hujatumia usiku wowote kujifunza menyu zake.

Fanya hesabu hii kwa kila bodi uliyoandika. Angalia na mipaka mingine isiyo ya vipimo: inafanya kazi bila intaneti? Inalazimisha akaunti? Mradi wako unawekwa hadharani kwa kila mtu kuuona? Leseni inahitaji kuhuishwa kila mwaka, na usipohuisha mafaili unayafungua au unayaangalia tu kwa macho?

Hatua ya 4: Hizi hapa zenyewe

KiCad naiweka mbele na sioni sababu ya kuficha. Ilianzishwa 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, akiwa mwalimu wa chuo kule Grenoble, na kwa miaka mingi ilikuwa programu ya wavumilivu tu, ngumu na yenye tabia zake za ajabu. Kuanzia 2013 CERN, wale wa maabara ya fizikia kule Uswisi, wakaanza kuweka watu wao kuiboresha, na kutoka kwao ikapatikana ile njia ya kuchora shaba ambapo ukipitisha njia mpya zile za zamani zinajisogeza pembeni zenyewe kukupisha, mtu akishaizoea hiyo kurudi nyuma ni shida. Mwaka 2019 mradi ukajiunga na Linux Foundation. Leseni yake ni GPL, maana yake ni bure na ya wazi, ukiuza bodi ni zako, ukitengeneza kubwa ni sawa, leya za shaba hadi 32 ambazo mtu wa hobi hatazifikia, inaenda Windows, Mac na Linux, na intaneti unahitaji siku ya kuipakua tu. Mafaili yake ni maandishi unaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia na ukasoma kilichomo.

Ubaya wake upo pia. Kwanza ni nzito kuipakua, ikiwa na maktaba zote za alama na futiprinti na maumbo ya 3D inakula gigabaiti kadhaa za diski. Pili alama na futiprinti vimetenganishwa, yaani ukiweka alama ya rezista yenyewe haijui kama wewe unataka ya miguu au ya kubandika, unachagua mwenyewe, na hapa wanaoanza wengi wanakwama wiki nzima wakidhani programu imeharibika. Haijaharibika, ndo falsafa yake, rezista ni rezista na umbo ni uamuzi wako. Tatu, faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, kwa hiyo kama mnafanya wawili lazima muwe toleo moja. Na haina kitu cha kuchora njia zote chenyewe, kwa hilo watu wanatumia programu ya pembeni inaitwa FreeRouting.

EasyEDA ndo njia ya mkato ya kweli kwa anayeanza, na siidharau hata kidogo. Inafunguka ndani ya brauza, na nguvu yake kubwa ni maktaba: imeungana na LCSC wauza vifaa na JLCPCB watengeneza bodi, wote wa familia moja kule China, kwa hiyo ukitafuta kifaa unapata alama, futiprinti na namba ya kununulia kwa pamoja. Kwa mtu anayetaka bodi ije ikiwa imeshalehemiwa vifaa vidogo, hapo hakuna kinachoishinda kwa urahisi. Ila kumbuka kazi yako inakaa kwenye seva za mtu mwingine, na futiprinti nyingi kwenye maktaba zimetengenezwa na watumiaji wa kawaida kama wewe, zingine nzuri sana na zingine zina makosa, kwa hiyo usichukue yoyote bila kupima. Ukiamua kuitumia jiwekee sheria ya kushusha nakala ya mradi kwenye kompyuta yako kila ukimaliza kikao. Faraja ni kwamba kuanzia toleo la 8 la mwaka 2024 KiCad inasoma mafaili ya EasyEDA, kwa hiyo mlango wa kutokea upo.

Fusion ya Autodesk naielewa kwa mtu mmoja tu, yule ambaye tayari anachora maboksi na vifuniko vya 3D humohumo na anataka bodi iingie kwenye boksi bila kuhama programu. Kwa huyo ina maana sana. Kwa wengine ule mpaka wa sentimita 80, akaunti, na ukweli kwamba haipo kwa Linux, ni vingi mno.

LibrePCB ni ndogo, ya wazi kama KiCad, ilifika toleo la 1.0 mwaka 2023. Nzuri kwa mtu anayechanganyikiwa na vitu vingi, imepangwa vizuri na haitishi, ila maktaba yake bado ni nyembamba kwa hiyo jiandae kuchora vifaa vyako.

Fritzing ilizaliwa chuoni Potsdam, Ujerumani, mwaka 2007, na inajulikana kwa ile michoro ya bredibodi yenye waya za rangi. Itumie kumwonyesha mtu jinsi ya kuunganisha. Bodi inaweza kuchora na Gerber inatoa, lakini ukishafika chipu za pini nyingi utateseka bure.

Proteus ya Labcenter wengi wanaijua kutoka darasani, na inachokifanya vizuri ni kuendesha maikrokontrola ndani ya kompyuta pamoja na kodi yako kabla hujanunua kifaa chochote. Ni ya kulipia na ni ya Windows tu. Na niseme wazi, zile nakala zilizovunjwa zinazozunguka kwenye fleshi ziache, mbali na sheria, hujui nini kimewekwa ndani, na unajenga miaka ya kazi zako juu ya kitu ambacho kesho hakiwaki. Kama unachotaka ni simulesheni ya sakiti ya analogi tu, yaani kuijaribu kwenye kompyuta, KiCad ina kijaribio kinaitwa ngspice ndani yake, na LTspice ipo bure.

DipTrace nimeshaigusa, ni nyepesi kujifunza na watu wanaoitumia wanaipenda kwa dhati, kama bodi zako zote ziko chini ya pini 300 na huuzi, iweke kwenye majaribio.

Hatua ya 5: Chukua mbili, zipitishe kwenye bodi moja ileile

Hapa ndo penye kazi na hapa ndo usiruke. Mpaka sasa umebaki na mbili, tatu zikizidi sana. Usisome tena mapitio, usiangalie tena video za kulinganisha. Chagua sakiti moja ndogo uichore kwenye zote mbili kuanzia mwanzo mpaka Gerber. Kuishia njiani hakukupi jibu, kwa sababu sehemu ngumu ya kila programu imejificha mwishoni.

Napendekeza ile ya zamani ya chipu ya 555, chipu ya kupima muda, kumulikisha LED, ila iongezewe vitu vya makusudi. Rezista ya kilo-om 1 kutoka umeme kwenda pini ya 7, ya kilo-om 68 kutoka pini ya 7 kwenda pini za 6 na 2 zilizounganishwa pamoja, kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka hapo kwenda graundi, pini ya 4 na ya 8 kwenye umeme, pini ya 1 graundi, kapasita ya nanofaradi 10 kwenye pini ya 5 kwenda graundi na ya nanofaradi 100 karibu kabisa na chipu kati ya umeme na graundi. Hiyo inamulika karibu mara moja kwa sekunde. Alafu pini ya 3 isiwashe LED moja kwa moja, ipitie rezista kwenda kwenye bezi ya transista BC547, LED na rezista yake zikae kwenye kolekta, emita iende graundi. Umeme uingie kupitia konekta ya skrubu ya pini mbili, umbali wa milimita 5.08.

Kwa nini transista? Kwa sababu transista ndo inafichua maktaba. Ukiishika BC547 upande bapa ukikutazama na miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, bezi, emita. 2N3904 ina umbo lilelile kabisa lakini kutoka kushoto ni emita, bezi, kolekta. Kwa hiyo programu inayokupa alama ya transista bila kukuonyesha wazi namba ya kila mguu inakuandalia bodi ambayo haitawaka. Fungua datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ya kifaa chako, fungua futiprinti, linganisha mguu kwa mguu. Angalia jinsi kila programu inavyokurahisishia au kukufichia hilo zoezi, andika pembeni.

Baada ya hapo ongeza kifaa kimoja ambacho maktaba haina. Chukua kifaa chochote cha ajabu ulichonacho mezani, potenshiometa uliyofungua kwenye redio mbovu mfano, kipime kwa kaliba, uchore alama yake na futiprinti yake mwenyewe. Hili zoezi litakuudhi kwenye programu zote, kwingine zaidi, na hutaweza kulikwepa, mtu wa hobi anatumia vifaa anavyovipata sio vile maktaba inavyotaka. Programu ambayo unaweza kuchora futiprinti mpya ndani yake bila kufungua maelekezo mara ya pili, hiyo ina pointi kubwa sana kwangu, kubwa kuliko maktaba yenye vifaa milioni.

Endesha ERC. Kwenye KiCad utakutana na lalamiko kwamba pini ya umeme haina kinachoilisha, na utaona umeme umeuunganisha vizuri tu, tatizo ni kwamba konekta kwa macho ya programu ni konekta tu, haijui kwamba umeme unatokea hapo. Unaweka alama ya PWR_FLAG kwenye mstari wa umeme na mwingine kwenye graundi, linaisha. Nalitaja kwa sababu watu wameiacha KiCad kwa ajili ya hilo moja.

Ingia kwenye bodi. Kabla hujachora njia weka vipimo kwenye kanuni za DRC kulingana na jinsi utakavyoitengeneza. Kiwandani, njia na nafasi ya milimita 0.15 wengi wanaziweza, lakini hakuna sababu ya kubana hivo kwenye bodi yenye nafasi, weka 0.25 kwa njia za kawaida. Njia ya kupitisha ampea 1 kwenye shaba ya unene wa kawaida wa maikromita 35 inataka kama milimita 0.3 kama hutaki ipate joto zaidi ya nyuzi 10, KiCad ina kikokotoo cha hesabu hiyo humohumo. Kama unatengeneza nyumbani kwa tona na pasi, sahau namba hizo, nenda milimita 0.5 au zaidi, nafasi kubwa, pedi kubwa, na kila kitu leya ya chini. Hapo angalia pia kama programu inachapa PDF kwa ukubwa halisi wa moja kwa moja na inakuruhusu kuamua igeuzwe kama kwenye kioo au isigeuzwe. Leya ya chini haigeuzwi, kwa sababu programu inakuonyesha ukiwa juu ya bodi na pasi yenyewe inaigeuza wakati wa kuhamisha, leya ya juu ndo inageuzwa. Programu inayokuficha huo uchaguzi au inayochapa asilimia 97 badala ya 100 haikufai kwa kazi ya nyumbani.

Usipime programu kwa uwezo wake wa kuchora njia zote kwa kitufe kimoja. Kwa bodi ndogo kuchora kwa mkono ni haraka, inatoka safi zaidi, na ndo unapojifunza umeme wako unapita wapi.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Ukishamaliza kuchora njia zote, rudi kwenye skimatiki ubadilishe kitu. Ongeza swichi kwenye umeme, badilisha LED moja ziwe mbili. Alafu peleka mabadiliko kwenye bodi. Kwenye KiCad ni F8 tu, vitu vipya vinadondoka pembeni na vile vya zamani vinabaki mahali pake. Angalia programu nyingine inafanyaje, inabakiza njia zako au inakuvurugia? Kila bodi halisi inabadilishwa mara nyingi kabla haijaenda kiwandani kwa hiyo hapa ndo utaishi, sio kwenye kuchora mara ya kwanza.

Chapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, weka vifaa vyako vya kweli juu ya karatasi. Miguu ya 555 ikae kwenye matundu, ile potenshiometa ikae, konekta isigongane na kapasita. Hili lifanye hata baadaye kwa kila bodi, karatasi moja inaokoa mzigo mzima wa bodi.

Mwisho toa Gerber. Bodi ya leya mbili itakupa kama mafaili saba: shaba juu na chini, rangi ya kuzuia lehemu juu na chini, maandishi juu na chini, na mpaka wa bodi, pamoja na faili la matundu. Yafungue kwenye programu tofauti na ile uliyochorea, gerbv au kisomaji cha KiCad kinafaa, uone kama matundu yamekaa katikati ya pedi na mpaka wa bodi upo. Ukipita hapo na programu zote mbili tayari jibu unalo, huhitaji mtu akushauri.

Hatua ya 6: Ukishachagua, panga nyumba kabla ya bodi ya pili

Futiprinti ulizochora mwenyewe ziweke kwenye folda yako, sio ndani ya folda ya programu, mana siku ya kuapdeti zinaweza kupotea. Kila mradi uwe na folda yake yenye faili la mradi, PDF ya skimatiki, Gerber zilizopelekwa kiwandani na orodha ya vifaa, vyote vya tarehe moja. PDF muhimu sana, hata programu ikifa kesho skimatiki utaisoma kwenye simu. Kwa sababu mafaili ya KiCad na LibrePCB ni maandishi, unaweza kuyaweka kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mafaili, na ukaona kila badiliko, kwa mtu anayejua kodi hii ni raha tupu. Kabla ya kufungua mradi wa zamani kwenye toleo jipya nakili folda nzima kwanza, kwa sababu ukishahifadhi hakuna kurudi toleo la nyuma.

Na kama we ni mmoja wa wenye mafaili ya EAGLE yamelala kwenye diski, yahamishe sasa wakati bado una mahali pa kuyafungulia. Yale ya kabla ya toleo la 6 sio XML, kwa hiyo yafungue kwanza kwenye EAGLE mpya zaidi uyahifadhi upya. Alafu kwenye KiCad ingiza mradi wa EAGLE kupitia menyu ya faili, chagua faili la skimatiki na la bodi yakiwa na jina moja ndani ya folda moja. Ikishaingia jaza upya maeneo ya shaba ya graundi kwa kubonyeza B, endesha DRC, na toa Gerber kutoka EAGLE na kutoka KiCad uzilaze moja juu ya nyingine kwenye kisomaji. Zikitofautiana popote, mara nyingi ni kwenye maeneo ya shaba au maandishi, rekebisha hapohapo ukiwa bado na EAGLE wazi upande wa pili wa skrini.